Nani Amekuambia?

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza alfajiri, ya kulaza vumbi tu. Wateja arobaini na mmoja.

Nieleze, daftari hili lisije likaangukia mikononi mwa mtu akadhani ni la duka. Naishi nyuma ya duka la dawa la mkwe wangu. Mwanangu hujenga minara ya simu mbali na hapa, na hurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo tumebaki wanawake wawili, yeye mfamasia, mimi mwalimu wa hesabu mstaafu. Mchana hukaa kwenye kiti karibu na mlango, nikahesabu wanaoingia. Aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minane haachi kuhesabu kwa sababu tu amepewa barua ya kustaafu.

Daftari nililinunua kwa kazi nyingine: kuandika kitabu chepesi cha kuwafungulia vijana elimu ya mitandao. Simaanishi ile ya kwenye simu peke yake. Mtandao ni chochote unachoweza kukichora kwa nukta na nyuzi. Nukta ni mtu, au mji, au kisima. Uzi ni kile kinachoziunganisha nukta mbili: udugu, barabara, bomba. Ajabu ya elimu hii ni kwamba mara nyingi huhitaji kujua nukta yenyewe ni nini. Ukijua nyuzi zimefungwaje, utajua ugonjwa utapita wapi, umeme utakatika hadi wapi, habari itafika kwa nani. Wanafunzi wangu waliniita Bibi Nukta, na jina limenigandia.

Na mkwe wangu hatugombani. Hatuongei sana pia. Maneno yake huyapima kama anavyopima dawa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Wateja thelathini na tisa.

Leo kumetokea jambo. Saa nne asubuhi nilikuwa uani naanua nguo, nikasikia kiti kikianguka dukani. Nilipofika, mwokaji, mama mwenye duka la mkate nyumba mbili kutoka hapa, alikuwa anatoka mbio, binti yake wa miaka sita begani, mikono ya mtoto ikining'inia kama nguo niliyoiacha kwenye kamba. Wakaingia kwenye gari la kukodi. Ndani, mkwe wangu alikuwa amepiga magoti anaokota chupa ya dawa ya kikohozi iliyovunjika.

Nikamuuliza kuna nini.

"Yu hai, mama. Zaidi ya hapo si langu kusema."

Mimi ni mama mkwe wake, si mpita njia. Nimekwazika, nayaandika hapa ili nisiyaseme mezani.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Thelathini na sita. Duka la mkate limefungwa. Simu ya mwokaji haipatikani.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu jana bila kupumua. Barabara kuu imekatika upande wa kusini. Wateja thelathini na watatu.

Nilivuka barabara kupeleka gauni kwa fundi cherehani anayekaa mkabala na duka letu. Alikuwa na sindano tatu mdomoni, na bado aliongea.

"Shikamoo, mwalimu. Na pole na msiba."

"Marahaba. Msiba wa nani?"

"Wa mtoto wa mwokaji. Si dawa ya kikohozi imemmaliza?"

"Nani amekuambia?"

"Nani aniambie, na macho ninayo? Nilimwona akitolewa hapo mlangoni kwenu. Mikono hii, hivi." Akaining'iniza mikono yake.

"Umeona mikono. Kifo umekiona wapi?"

"Mwalimu wangu, tanuri la mkate limezimwa siku ya sita leo. Mtu hazimi tanuri kwa kikohozi."

Nilimuuliza amewaambia wangapi. Akaapa kwamba yeye si mtu wa maneno, kisha, katika kujitetea, akanitajia watu kumi na tisa.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Wateja ishirini na wanane.

Siku sita nimezunguka mtaa wetu na daftari. Kwa kila mtu nauliza: umesikia? nani amekuambia? lini? wewe umemwambia nani? Usiku nachora. Nina nukta hamsini na mbili, na mchoro unanipa raha ambayo kwa hali ilivyo sistahili kuwa nayo.

Hiki ndicho ningependa vijana wakione. Wengi wetu tuna nyuzi tatu, nne, pengine sita. Wachache mno wana themanini. Hao ndio vitovu, na wao ndio wanaoshikilia mtandao mzima. Ndiyo maana mtu yeyote ukimwambia ataje rafiki mmoja, huyo rafiki kwa kawaida ana marafiki wengi kumzidi aliyemtaja: vitovu hutajwa na kila mtu. Hapa kwetu kitovu ni fundi cherehani. Kila mtu hupimwa naye, na aliyezungushiwa utepe wa kupimia shingoni hana budi kusikiliza.

Nilimwendea, nikamwekea mchoro mbele yake. Akajiona katikati kama buibui. Hakucheka.

"Mimi huyu?"

"Wewe huyu."

"Basi nimeushona mdomo, mwalimu. Nyuzi mbili."

Na kweli ameushona. Lakini nimefundisha mwenyewe: kitovu kikizibwa mapema, habari hufa; kikizibwa baadaye, umeziba bomba wakati nyumba imeshajaa maji.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Ishirini na saba. Jioni nilimuuliza tena mkwe wangu kilichompata mtoto yule. "Ningeweza kukuambia, mama, ningekuwa nimekuambia." Akaendelea kubandika karatasi kwenye chupa. Mikono yake haikutetemeka. Mtu asiye na hatia, nadhani, angetetemeka kwa hasira.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Mto umefunika ngazi mbili za daraja la miguu, zimebaki kumi. Wateja ishirini na watano, na tisa kati yao ni wa ng'ambo.

Mji wetu umekatwa na mto. Sisi tuna soko letu, wao lao. Shule yetu, yao. Wanaojuana ng'ambo na huku ni wachache. Katika elimu yangu hivi ni vishada viwili: ndani ya kishada nyuzi ni tele, kati ya vishada ni uzi mmoja, labda nyuzi mbili. Uzi huo huitwa daraja. Huenda mwenye nao si mtu maarufu hata kidogo, lakini bila yeye habari haivuki.

Duka la dawa, hata hivyo, ni hili moja tu kwa pande zote mbili. Uvumi ukivuka, tumekwisha.

Kwa hiyo tangu Jumatatu nimevuka mimi, kupima umefika wapi. Nimefanya kama inavyotakiwa: si kuchagua nyumba zinazonipendeza, ila kila nyumba ya tatu, kwa mpangilio. Nyumba thelathini na saba. Wamenipokea vizuri mno. Nusu yao niliwafundisha, au niliwafundishia watoto. Wananiletea kiti, wanakaa wameweka mikono magotini. Nauliza kwa utulivu: umesikia kwamba mtoto wa mwokaji alikunywa dawa kutoka duka la mkwe wangu, akafa? Nani amekuambia?

Thelathini na saba, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Nimeandika "hajasikia" mpaka kalamu imechoka, tarehe pembeni. Nimerudi nimelowa na moyo mwepesi. Ng'ambo ni salama.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Kumi na wanane. Wa ng'ambo, wawili.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Wateja kumi na mmoja. Wa ng'ambo, hakuna. Ngazi zimebaki nane.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Wateja sita.

Asubuhi mlango wetu umeandikwa kwa mkaa, herufi za urefu wa mkono: MUUAJI. Mkwe wangu alitoka na ndoo na brashi, akasugua mwenyewe. Watu walisimama ng'ambo ya barabara chini ya miavuli wakimtazama. Mimi nilibaki kwenye kiti changu. Sijui kwa nini nilibaki.

Alipomaliza akafungua duka kwa wakati uleule, saa mbili.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Wawili. Jana jiwe limevunja kioo cha dirisha. Limetua kwenye rafu ya maziwa ya watoto. Tumeziba kwa ubao.

Nimekuwa nikimtafuta mwenye daraja. Uvumi haukuwako ng'ambo tarehe ishirini na saba, na tarehe tano umejaa. Kuna mtu ameuvusha katikati. Nimechora na kufuta. Jina linalobaki kila mara ni moja: Mzee wa Posta, rafiki yangu, jirani wa nyuma, aliyegawa barua za mji huu miaka thelathini. Yeye huvuka kila siku kwenda kucheza drafti.

Leo nimemwendea. Alinipokea kwa utani wake wa siku zote.

"Bibi Nukta! Umekuja kunihesabu tena? Bado ni mmoja."

"Nani wa ng'ambo umemwambia habari za mtoto wa mwokaji?"

Tabasamu likaondoka. Akaweka kikombe chini polepole.

"Nimebeba barua za mji huu maisha yangu yote. Za mapenzi, za mahakama, za vifo. Umewahi kusikia nimefungua hata moja?"

"Sikusema umefungua barua. Nasema wewe ndiye unayevuka."

"Mimi tu?" Akanionyesha mlango. "Toka nyumbani kwangu, dada. Utarudi akili ikikurudia."

Hajawahi kuniita dada bila kucheka. Lakini hesabu ni hesabu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Ngazi zimebaki tano. Wateja hakuna.

Mkaguzi wa dawa kaja kutoka makao makuu, buti zimejaa tope, mtu mpole. Kapokea barua ya malalamiko kutoka ng'ambo yenye sahihi thelathini na nne. Kachukua chupa za dawa ya kikohozi kwenda maabara, kamuuliza mkwe wangu kilichotokea tarehe saba Machi.

"Mtoto hakufa, na dawa yangu haikumdhuru. Hali yake ni siri ya mama yake. Akiniruhusu kwa maandishi nitakuonyesha daftari la wagonjwa. Bila hivyo, hapana."

"Mwite basi huyo mama."

"Yuko upande wa pili wa barabara iliyokatika kusini. Simu yake haipatikani. Nimejaribu kila siku."

"Dada, unaelewa kwamba unaweza kupoteza leseni?"

"Naelewa."

Mkaguzi akaufunga mlango wa duka, akabandika karatasi yenye muhuri. Shauri ni tarehe mbili Mei. Kwa mujibu wa sheria ameacha nakala ya barua. Mkwe wangu hakuisoma. Aliiweka mezani chini ya kibakuli cha sukari, akaenda kulala saa kumi na moja jioni, na nguo za kazi.

Jumanne, 16 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana mpangilio ndio kitu pekee nilichobaki nacho.

Asubuhi mkwe wangu alikuwa bado amelala. Niliitoa barua chini ya kibakuli. Imeandikwa vizuri. Inasema: "Sisi tuliotia sahihi tumearifiwa na mtu wa kuaminika, aliye karibu na duka hilo." Kisha sahihi, na mbele ya kila sahihi namba ya nyumba.

Niliangalia namba kama mwalimu anavyoangalia namba yoyote, kutafuta kanuni. Tatu. Sita. Tisa. Kumi na mbili. Kumi na tano. Kila nyumba ya tatu, mpaka mwisho wa mtaa, isipokuwa tatu tu zilizokosekana.

Watu wanaopitisha barua ya malalamiko hawaruki nyumba mbili mbili. Hakuna binadamu anayefanya hivyo, isipokuwa aliyefundishwa kuchagua sampuli.

Nilifungua daftari hili, kurasa za Machi. Nikaziweka pembeni ya barua. Zilikuwa orodha moja.

Nilichukua mwavuli, nikavuka. Maji yalikuwa yanapita chini ya mbao za daraja na sauti ya kusaga. Nilienda nyumba namba tatu, ya kwanza katika orodha yangu: mama anayetengeneza sabuni. Alikuwa anakata miche ya sabuni kwa waya. Aliponiona akafuta mikono, akaleta kiti kilekile.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana na yanayokupata nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Ile habari ya mtoto. Nani amekuambia?"

Alinitazama kama mtu anayedhani anajaribiwa. "Si wewe, mwalimu?"

"Mimi niliuliza. Niliuliza kama umesikia."

"Ndiyo. Uliuliza." Akakaa, akaweka mikono magotini. "Mwalimu, nimekaa darasani kwako miaka minne. Lini uliuliza swali ambalo jibu lake hulijui?"

Yeye akaendelea, kwa upole, akidhani ananisaidia.

"Tulisema, masikini, mama wa watu hawezi kumtaja mkwewe hadharani. Anatuuliza ili tuelewe. Barua ilipoandikwa, tukasema hatutaki maneno ya mitaani. Atie sahihi yule tu aliyeambiwa na mwalimu mwenyewe, kwa mdomo wake. Wengine walitaka kutia, tukawakatalia. Watatu waliambiwa na wewe wakaogopa. Na jina lako hatukulitaja. Tulikulinda."

Walikuwa waangalifu. Walifanya yote niliyowafundisha: chanzo kimoja, kilicho hai, kinachoaminika. Kosa lilikuwa kwenye chanzo.

Nilirudi. Katikati ya daraja nilisimama, mvua ikinipiga, nikamkumbuka Mzee wa Posta. "Mimi tu?" aliniuliza. Nimechora nukta mia mbili za mji huu, na nyuzi zake zote, na sikujichora mimi. Nilidhani mchoraji yuko nje ya karatasi.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Sijamwambia.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Ngazi zimebaki tatu. Sijamwambia. Leo amefua mapazia yote ya nyumba.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Nilimwekea daftari na barua, nikamweleza kila kitu, namba kwa namba, maana sijui njia nyingine ya kueleza. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Ulidhani nimemuua?" aliuliza.

Ningeweza kusema hapana. "Kuna siku nilidhani."

"Siku gani?"

"Siku ambazo mikono yako haikutetemeka."

Alikitoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni ya sinia. "Natetemekea chumbani kwangu, mama. Mbele ya mgonjwa ukitetemeka, dozi inamwagika."

Nikamwambia angenifungulia jambo lile tangu mwanzo, nisingezunguka kulitafuta. Nilijua ni neno baya kabla halijaisha kutoka.

"Ningekufungulia wewe, ungeliandika," alisema. Kisha, bila kupandisha sauti: "Umenihesabia wateja kila siku tangu Machi. Kila siku. Hata siku moja hukuniuliza kama nimekula."

Akaondoka na sinia. Nimebaki na kijiwe.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua imepungua. Mwanangu kapiga simu. Mkwe wangu kamwambia hapa hatujambo. Nimeenda kwa Mzee wa Posta, nikasimama mlangoni, nikamwambia nimekosa. Akanitazama muda mrefu. "Akili imerudi?" "Imerudi, imelowa." Akaniwekea chai. Hatukucheka bado.

Alhamisi, 2 Mei

Manyunyu. Ngazi zimebaki sita.

Shauri lilifanyika ndani ya duka, dirisha lingali na ubao. Mkaguzi alikaa kwenye kiti changu cha mlangoni. Wawakilishi wanne wa ng'ambo walisimama karibu na mizani, mama wa sabuni akiwa mmoja wao. Fundi na Mzee wa Posta walijibanza kwenye kona.

Mkaguzi alisema maabara haikukuta kasoro kwenye dawa. Mkwe wangu akafumba macho mara moja, akafumbua.

"Lakini," mkaguzi akaendelea, "mfamasia hataki kueleza kilichotokea, na nina watu thelathini na wanne wanaosema mtoto amekufa. Mmoja anaweza kukosea. Thelathini na wanne hawaoti ndoto moja."

Niliomba kusema. Nilishika meza ya dawa.

"Mkaguzi, ukisikia saa thelathini na nne zikigonga kwa pamoja, usidhani kila moja imetazama jua. Labda zote zimewekwa kwa kuifuata saa nyingine moja tu. Idadi ya mashahidi haina maana mpaka ujue nyuzi zao zinaelekea wapi. Za hawa zote zinaelekea kwangu."

Nilimpa kurasa. Kumi na mbili, nilizichana asubuhi ile, ndiyo maana daftari hili lina pengo. Tarehe, namba ya nyumba, na mwandiko wangu: hajasikia, hajasikia, hajasikia. Tarehe ishirini na tano hadi ishirini na saba Machi hakuna aliyesikia. Kisha mimi nikauliza. Akazilinganisha na barua, kidole huku na kidole kule. Alipofika mwisho alirudia tena toka mwanzo.

"Kwa hiyo hawa si mashahidi thelathini na wanne," alisema.

"Ni shahidi mmoja. Na hakuona kitu. Alikuwa uani anaanua nguo."

Mama wa sabuni aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mwanafunzi wangu.

"Mwalimu mzima," alisema taratibu. "Mwalimu mzima! Tumemfungia mtu duka kwa kukuamini wewe."

"Ndiyo."

Mkaguzi alikohoa. "Mama, nikiyaweka haya kwenye jalada, jina lako litasomwa ng'ambo."

"Ndiyo maana nimeyaleta."

Na hapo akasikika fundi kutoka konani, sauti ndogo isiyo yake. "Mimi niliona mikono tu. Aandike na hiyo. Mikono tu."

Mkaguzi aliibandua karatasi ya muhuri saa saba mchana. Gundi imeacha alama mlangoni. Mkwe wangu alifungua duka palepale, akasimama nyuma ya meza. Hakuna aliyeingia.

Jumatatu, 13 Mei

Jua kidogo. Wateja watano, wote wa huku.

Kitabu changu, kama nitakiandika, kitakuwa na sura ambayo sikuipanga. Habari ya kutisha huvuka kwa uzi mmoja. Mtu akishaisikia hupenda kuipitisha. Kuitengua ni kazi nyingine. Aliyeambiwa "si kweli" huitikia kwa kichwa, na habari inaishia kwake, haendi kumwambia mtu. Na wengi hawabadiliki kwa sauti moja, wanataka tatu. Ndiyo maana tunakwenda watatu: mimi, fundi, na Mzee wa Posta ambaye ng'ambo hawamdhanii uongo. Mlango kwa mlango, na safari hii haturuki nyumba.

"Mimi ndiye niliyewaletea," nasema. Fundi anasema: "Niliona mikono tu." Mzee wa Posta anasema: "Nimesoma majibu ya maabara." Nyumba namba ishirini na moja walitufungia mlango usoni. Namba thelathini walitusikiliza wamesimama, hawakuleta kiti. Namba arobaini na nane, bibi mmoja alinishika mkono, akasema hata yeye amewahi kukosea hivyo.

Sichukui daftari.

Jumatatu, 20 Mei

Jua. Barabara ya kusini imefunguliwa. Wateja tisa.

Tanuri la mkate limewashwa. Saa tatu mwokaji alipita mbele ya duka amemshika binti yake mkono, na binti amevaa buti nyekundu, anarukia madimbwi. Fundi alisimama cherehani ikizunguka bure. Mtaa mzima ulitoka mlangoni.

Mwokaji aliingia akamkumbatia mkwe wangu, wakakaa chumba cha ndani saa nzima. Niliwasikia wakilia, mmoja au wote wawili. Kilichompata mtoto siku ile sikijui mpaka leo. Mwokaji alipotoka alinitazama kana kwamba anasubiri nimuulize. Nilimkaribisha chai.

Jioni nilimuuliza mkwe wangu kama amekula. Akasema bado. Nikapakua.

Jumatatu, 27 Mei

Jua. Ngazi zote kumi na mbili zimetoka majini, zina ukoko wa tope. Sikuhesabu wateja.

Adhuhuri aliingia mama wa sabuni. Ni wa kwanza wa ng'ambo. Alikuwa na mtoto mgongoni, anakohoa kikohozi kikavu. Alisimama katikati ya duka, akanitazama mimi kwenye kiti changu, kisha meza ya dawa, kisha mimi tena.

"Mwalimu," alisema. "Leo huna swali?"

"Sina, mwanangu."

Mtoto akakohoa. Mkwe wangu alikuwa na chupa mkononi, ileile ya kikohozi. Ameshika kijiko cha kupimia, hakuinua macho.

"Mama," aliniambia, "hebu muulize mtoto ana miezi mingapi. Dozi inategemea hilo."

Niliinuka. Nilimsogelea mama wa sabuni, nikamtazama mtoto, ambaye sikujua kitu chochote juu yake, na nikauliza. Kisha nikanyamaza, nikasubiri kuambiwa.